Injinia nimeitwa umeneja wa kwaliti, niende au nibaki na spana zangu?

SpanaNaKalamu:

Wakuu habari zenu. Naomba mnisome mpaka mwisho, hili jambo linanikosesha usingizi wiki ya pili sasa.

Mi ni injinia mitambo, miaka 7 kazini, yote upande wa uzalishaji, tunachonga vipuri vya chuma, shafti, bushi (vile vibomba vifupi shafti inapita ndani yake), flanji, vitu vya namna hio. Nilianza shifti za usiku kwenye lathi, nikapelekwa matengenezo, sa hivi nasimamia mashine 11 na watu 14. Kazi naijua na naipenda, mashine ikianza kulia vibaya nikiwa nimekaa ofisini nanyanyuka kabla opereta hajaja kuniita.

Sasa kuna kampuni nyingine wananitaka niwe meneja wa kwaliti. Sio msaidizi, meneja kabisa, na watu 6 chini yangu. Usaili wa kwanza nimepita, wa pili wiki ijayo. Hela imepanda ila sio ya kumfanya mtu aruke.

Shida yangu ni kwamba watu wa kwaliti siku zote nimewaona kwa jicho la uadui. Ndo wale wanakuja na lebo nyekundu saa 10 jioni mzigo ushafungwa, dereva kashawasha gari. Nimegombana nao sana, kuna mmoja hatusalimiani mpaka leo. Leo hii mi ndo nivae hilo koti? Afu naogopa nikishakaa huko miaka 3 nikitaka kurudi kwenye ufundi wataniambia we ni mtu wa makaratasi, spana ulishaziacha. Na sina cheti chochote cha kwaliti, nnachojua ni kusoma mchoro na kushika mikromita, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita.

Waliowahi kuhama, mlikuta nini huko? Mlijuta? Na huo usaili wa pili nijiandae vipi?

KilaKituSawa:

Naweka kiti hapa mbele, ngoja waje wajuzi.

BoltiHuru:

Mkuu usiende. Nakwambia kama mdogo wangu.

Kwaliti ni polisi asiye na pingu. Mi nilihama kama wewe, nikakaa mwaka mmoja na nusu nikakimbia. Kazi yangu kubwa ilikua kutafuta sahihi za watu. Siku 2 kabla mkaguzi wa nje hajaja tunajifungia kwenye chumba tunajaza fomu za miezi 4 nyuma, tena kwa kalamu tofauti tofauti, bluu, nyeusi, nyingine inayokaribia kuisha wino, ili isionekane zimejazwa siku moja. Nikajiangalia nikasema hivi mi nilikesha na hesabu za mihimili miaka yote ile chuoni ili nije kuchagua rangi ya kalamu? Nikarudi kiwandani.

KilaKituSawa:

Hio ya kalamu inayokaribia kuisha wino nimecheka kwa sauti, huo ni usanii wa kiwango cha juu

Mkaguzi_Mstaafu:

Hizo kalamu huwa tunaziona bwana BoltiHuru. Nimekagua miaka 19. Mtu anabadilisha kalamu lakini mwandiko ni ule ule, na fomu za miezi 4 hazina doa hata moja la grisi, kwenye idara ambayo mpaka kitasa cha mlango kina grisi.

Ila nisikucheke, umegusa jambo kubwa. Ulichokua unafanya sio kwaliti, ni kughushi, na aliyekuagiza ndo mwenye kosa kubwa kuliko wewe. Lakini usitoke hapo ukasema karatasi hazina maana. Tarehe 5 Januari 2024 ndege ya Alaska Airlines, Boeing 737 MAX 9, imeruka dakika chache tu kipande cha ubavu kinachoziba nafasi ya mlango kikachomoka angani. Watu walipona. Wachunguzi wakakuta bolti 4 za kukishikilia hazikuwepo. Kile kipande kilikua kimefunguliwa kiwandani ili zitengenezwe riveti zenye kasoro pembeni yake, kikarudishiwa, na hakuna kumbukumbu iliyopatikana ya kwamba kiliwahi kufunguliwa. Sasa fikiri kiinjinia. Kama hakuna mahali palipoandikwa kimefunguliwa, mkaguzi atajuaje kwamba anatakiwa aende kuangalia bolti? Ile fomu isiyojazwa ilikua kipuri kama vipuri vingine, na haikufungwa.

Bwana Spana, swali lako la usaili nitalijibu, nipe muda, natumia simu na macho yangu ya kizee.

BoltiHuru:

Hapo kwenye ndege sina jibu mzee. Ila viwanda vingapi vinajaza fomu kwa moyo huo?

Dada_Vipimo:

Kaka Spana mi nilitoka kwenye usanifu, nilichora miaka 5, sasa niko kwaliti mwaka wa 9. Sijajuta ila kuna vitu nilidanganywa na vingine nilijidanganya mwenyewe. Ngoja nikupe kisa kimoja maana maneno matupu hayatakusaidia.

Nilipoingia nilikuta vita juu ya bushi moja, kipenyo cha ndani milimita 25.00, ruhusa (yani kiasi kinachokubalika kupishana na mchoro) 0.05 juu na 0.05 chini. Kila wiki kuna mzigo unazuiwa. Kwaliti wanasema mashine mbovu, uzalishaji wanasema wakaguzi vipofu, mashine imefunguliwa mara 2, beringi zimebadilishwa, wapi. Vikao kila Jumatatu, watu wanapigiana kelele, mi mgeni nimekaa kimya na daftari langu.

Nikachukua bushi 10 nikazipa namba, nikaita wakaguzi 3, kila mmoja apime zote 10 mara 3, nazichanganya kila raundi, haruhusiwi kuona alichoandika mwanzo wala cha mwenzake. Jumla vipimo 90, ilichukua asubuhi moja. Bushi namba 7 wa kwanza kaandika 25.03, wa pili 25.06, yule wa kwanza anarudia anapata 25.05. Chuma ni kile kile kiko mezani hakijaenda popote! Yani bushi moja asubuhi moja imepita, imekataliwa, imepita tena. Nikapiga hesabu, upimaji wenyewe ulikua unabeba asilimia 38 ya mtawanyiko wote tuliokua tunauona. Kwenye viwanda vya magari kipimo kinachozoeleka ni kwamba chini ya 10 uko salama, kati ya 10 na 30 inategemea unapima nini, juu ya 30 usikitegemee.

Tukaenda kuangalia wanavyopima. Wanatumia kalipa ya kawaida kupima tundu, kila mtu anabana kwa nguvu zake, na mmoja anazipima zikiwa bado za moto zimetoka tu kwenye mashine. Tukanunua kipimo cha tundu chenye ncha 3, tukaweka utaratibu zipoe kwanza nusu saa. Ile vita ya miezi ikaisha, na aibu ni kwamba hakuna aliyekua muongo, kila mtu alikua anasema alichokiona.

Sasa baada ya kuondoa hilo vumbi ndo tukaiona mashine yenyewe. Wastani 25.02, mkengeuko sanifu, yani vipimo vinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, 0.01. Upana wote wa ruhusa ni 0.10, gawa kwa mikengeuko 6 ambayo ni 0.06 unapata 1.67, mashine ina uwezo mkubwa tu. Lakini kutoka wastani mpaka ukomo wa juu imebaki 0.03, gawa kwa mikengeuko 3 ya upande huo, 0.03, unapata 1.00. Maana yake mashine nzuri imekaa pembeni ya njia. Mtu asiyejua mashine hapo ataandika ripoti ya kurasa 6 na kuomba mashine mpya. Mi nilimfuata opereta akasogeza ofseti, ule mpangilio wa kisu kwenye mashine, kwa 0.02, dakika 5. Hapo ndo uinjinia wako utakapolipa kaka, utasoma namba ukiona chuma nyuma yake.

SpanaNaKalamu:

Dada umenimaliza. Nimekumbuka kuna shafti tulizitupa kwenye chakavu mwaka jana tukasema mashine namba 4 ndo mkorofi. Hatukuwahi hata siku moja kuwaza kwamba kipimo ndo kinatudanganya.

Umesema kuna vitu ulijidanganya, vipi hivyo?

Dada_Vipimo:

Kubwa ni mikono. Mwaka wa kwanza kila kasoro ikitokea mi nakimbia kwenda kuirekebisha mwenyewe, najiona shujaa. Nikaenda likizo wiki 2, nimerudi nimekuta kasoro ile ile niliyoimaliza imerudi na hakuna hata mmoja aliyejua nilifanyaje, na supavaiza ananiambia "tulikua tunakusubiri wewe". Iliniuma. Kumbe nilikua nimewafundisha kunisubiri.

Huku kazi yako ni kumfanya mtu ambaye wewe sio bosi wake abadilishe anachokifanya kila siku, na aendelee hivyo ukiwa haupo. Injinia unakasirika maana unaona jibu liko hapo, ungechukua spana dakika 10 umemaliza. Unatakiwa ukae chini na mtu saa nzima mpaka alione mwenyewe. Mi iliniwia ngumu kuliko takwimu zote.

Na raha ya kumaliza kitu sahau. Mchoro unaisha unausaini unaupeleka. Kwaliti siku ikiwa nzuri hakuna kilichotokea, unarudi nyumbani huna cha kuonyesha.

MtuWaKodi:

Samahani wakuu naingilia. Mi naandika programu, kazini wanataka kunihamishia nisimamie ubora, haya mambo ya bushi na mikromita yananihusu kweli au nijitafutie uzi wangu?

Mkaguzi_Mstaafu:

Yanakuhusu. ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora, haijaandikwa kwa ajili ya chuma, nimekagua nayo viwanda na nimekagua nayo ofisi ambazo kitu kizito kuliko vyote ni mashine ya kuchapisha. Ila tofautisha kujaribu programu kabla haijatoka na kusimamia ubora. Anayejaribu anatafuta kasoro. Anayesimamia anauliza mbona kasoro za aina hii zinazaliwa kila mwezi kwenye hatua ile ile. Ukiwa unapewa jina la pili na kazi ya kwanza, lalamika mapema.

Mikanda3:

Mkuu Spana chukua mkanda wa kijani wa Six Sigma, ile mbinu ya kupunguza kasoro kwa takwimu, ngazi zake za mafunzo zinaitwa mikanda, haraka sana, ukishaumaliza nenda mkanda mweusi. Ndo lugha ya dunia hio. Ilianzia Motorola mwaka 1986, injinia wao Bill Smith, lengo kasoro 3.4 tu kwenye nafasi milioni za kukosea. Ukiingia kwenye usaili na mkanda hawana cha kukuuliza.

Dada_Vipimo:

Watakua nacho cha kukuuliza, watakuuliza uliokoa nini nao 😂

Sikatai, hatua zake 5 ni nzuri, kubainisha, kupima, kuchambua, kuboresha, kudhibiti, zinakuzuia kurukia jibu, na sisi mainjinia kurukia jibu ndo ugonjwa wetu. Ila kuna mikanda ya wikiendi moja mtandaoni, unajibu maswali 20 unapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Msailiwa wa hivyo nilimpata, nikamuomba achore chati ya udhibiti, ile ya kufuatilia vipimo kadri muda unavyokwenda, kwenye ubao, akachora mistari ya ukomo kwa kutumia ruhusa ya kwenye mchoro. Nikajua hapa hamna kitu. Mistari ile inatoka kwenye tabia ya mchakato wenyewe, mchoro hauhusiki. Walter Shewhart, aliyebuni chati hizo, alilichora hilo kwenye memo tarehe 16 Mei 1924, miaka mia imeshapita na bado watu wanachanganya.

Mikanda3:

Dada mi mkanda wangu ni wa kweli lakini, nilifanya mradi miezi 7

Dada_Vipimo:

Basi wako nauheshimu kaka, sikukulenga wewe.

Mkaguzi_Mstaafu:

Kuhusu vyeti niseme haraka. Kwanza usije ukaandika kwenye wasifu wako "nina ISO 9001", nimeona watu wanaandika. Kiwango kile taasisi ndo inathibitishwa, mtu hathibitishwi. Unachoweza kuwa nacho wewe ni mafunzo ya mkaguzi kiongozi, kwa kawaida siku 5, na yanafaa hata kama hutaki kuwa mkaguzi, kwa sababu yanakulazimisha kukisoma kiwango neno kwa neno. Na kisome mwenyewe, sio slaidi za mtu. Nimekutana na mameneja wanaotetea mwongozo wa ubora wa kurasa 80 wakati toleo la mwaka 2015 halidai mwongozo huo kabisa.

Ukitaka cheti kizito kwa mtu mwenye asili ya uinjinia, ASQ, jumuiya ya wataalamu wa ubora ya Marekani, wana cha injinia wa ubora. Wanadai uzoefu wa miaka 8, shahada ya kwanza inakupunguzia 4, na miaka 3 kati ya hio uwe kwenye nafasi ya kufanya maamuzi. Kwa ulivyojieleza una shahada na miaka 7, na unasimamia watu, unaweza ukawa umeshafika. Kile cha umeneja wa ubora wanataka miaka 10, mitano iwe ya maamuzi, hicho kiache kwanza. Viwanda vya magari wana kiwango chao juu ya 9001, IATF 16949, ndege wana AS9100, vifaa tiba ISO 13485, maabara 17025. Usivibebe vyote. Waulize hao wanaokuita wateja wao ni nani, soma hicho kimoja.

Sasa lile la usaili.

Watu wanajiandaa kujibu. Wewe jiandae kuuliza. Kwenye ISO 9001 kuna kifungu cha 8.7, kinahusu bidhaa isiyokidhi matakwa. Kinadai ubaki na kumbukumbu ya kasoro yenyewe, hatua iliyochukuliwa, kama kulikua na ruhusa maalum ya kupokea na kasoro zake iandikwe, na mwisho kabisa, kumbukumbu imtaje nani mwenye mamlaka aliyeamua. Hio ya mwisho ndo yenyewe. Nikiingia kiwanda chochote nilikua naomba hilo faili kabla hata ya sera ya ubora iliyotundikwa mapokezi kwenye fremu. Nafungua miezi 3 ya nyuma nasoma safu moja tu, ya nani aliamua. Ukikuta kila mzigo uliozuiwa umeachiwa na meneja uzalishaji, ujue meneja kwaliti pale ni karani, hata awe na mikanda 10.

Kwa hio waulize mzigo wa mwisho kuzuiwa ulikua lini, na nani aliuachia. Ukishauliza nyamaza.

KilaKituSawa:

Mzee na hawatamuona anawachimba? Mtu hujaajiriwa unauliza madudu ya ndani.

Mkaguzi_Mstaafu:

Hajaomba faili, ameuliza swali. Wakichukia swali hilo mezani, watalichukia zaidi akiwa na lebo nyekundu mkononi.

BoltiHuru:

Hili swali la mzee limenichoma. Sikutaka kusema ila ngoja niseme, kule juu nilisema kalamu ndo zilinikimbiza. Sio kalamu.

Kulikua na mzigo wa mabano ya kuchomelea, vipande 200 na ushei. Mkaguzi wangu, kijana makini sana, kavikuta 9 vina nyufa kwenye mshono katika 40 alivyovipaka ile dawa nyekundu ya kuonyesha ufa. Akafunga mzigo wote akaning'iniza lebo. Saa 4 usiku napigiwa simu nirudi. Nafika gari liko getini, meneja uzalishaji kasimama na karatasi. Na huyo ndo alikua bosi wangu kwenye mpangilio wa ofisi, mi naripoti kwake. Akaniambia nyufa ni za juu juu, zinafunikwa na rangi, mteja keshapiga simu mara 3, weka sahihi twende tukalale. Yule kijana amesimama pembeni ananiangalia mimi, hamuangalii bosi.

Nikaweka sahihi.

Wiki ya tatu mzigo ukarudi, bano moja lilikatika likiwa linafungwa, bahati halikumuumiza mtu. Kwenye kikao karatasi ikatolewa, jina lipo moja, langu. Bosi akasema yeye sio mtaalamu wa kwaliti, alimuamini mtaalamu. Sikufukuzwa ila yule kijana hakuniambia kitu tena zaidi ya salamu. Mwezi mmoja nikaomba kurudi matengenezo.

Kwa hio mkuu Spana nilikwambia usiende, nafuta. Ila kama unaripoti kwa mtu ambaye bonasi yake ni idadi ya magari yaliyotoka getini, basi kweli usiende.

Dada_Vipimo:

Pole sana kaka Bolti. Hio ya kijana kukuangalia wewe badala ya bosi nimeisoma mara 2.

Mkaguzi_Mstaafu:

Pole. Na asante kwa kuandika, wengi wanalo hilo na hawalisemi.

Niongeze kitu cha kitaalamu hapo. ISO 9001 haikwambii kwaliti iripoti kwa nani, inataka tu majukumu na mamlaka yagawanywe na yajulikane. Ndo maana mambo kama hayo yanapenya kiwanda kikiwa na cheti ukutani. Ile ya magari, IATF 16949, inasema wazi kwenye 5.3.2 kwamba wanaohusika na ubora wa bidhaa wawe na mamlaka ya kusimamisha usafirishaji na kusimamisha uzalishaji, na kila shifti iwe na mtu wa namna hio. Hata kama wanaokuita sio wa magari, sentensi hio unaweza kuiomba iingie kwenye barua yako ya ajira. Maneno kumi na kitu tu.

SpanaNaKalamu:

Mzee wangu shikamoo. Hapa nimepata usaili mzima. Kaka Bolti pole, na kwa kweli nimejisikia vibaya maana mi ndo nimekua huyo meneja wa getini mara kadhaa, sio kwa nyufa ila kwa vitu vidogo vidogo, "acha ipite kesho tutarekebisha". Nitarudi na mrejesho.

Mkaguzi_Mstaafu:

Marahaba. Kitu kingine kidogo, ukiongea na mkurugenzi usimwambie asilimia za kasoro. Mwambie saa za kurudia kazi, chuma kilichoenda kwenye chakavu, mizigo iliyorudi, yote kwa hela. Joseph Juran, gwiji wa mambo ya ubora, alilisema hilo zamani, wakubwa wanaongea lugha ya hela, chini wanaongea lugha ya vitu, na wewe wa katikati ujue zote mbili.

Mikanda3:

Na soma 8D mkuu, zile hatua 8 za kutatua tatizo, na FMEA, ile ya kuwaza mapema kitu kinaweza kuharibika vipi, usikose. Ila FMEA soma ile ya 2019 ya pamoja ya Wamarekani na Wajerumani, wameacha kuzidisha zile namba 3, ya uzito wa madhara, ya kutokea na ya kugundulika, kupata alama mpaka 1000, sa hivi ni kipaumbele juu, kati, chini. Ukienda na ya zamani utaonekana umetoka mapangoni

KilaKituSawa:

Nimekaa hiki kiti siku 4 nasubiri mrejesho, mgongo unauma

SpanaNaKalamu:

Wakuu mrejesho. Mtanisamehe kwa urefu.

Walikua watu 3, mkurugenzi, mtu wa rasilimali watu, na meneja uzalishaji. Maswali yao yalikua ya kawaida, nikasimulia kile kisa cha mashine namba 4 kama kilivyo, nikakiri kwamba tulitupa shafti bila kuhakiki kipimo, na ningeanza na vipande 10 na watu 3. Mkurugenzi akaandika kitu.

Wakasema una swali? Nikauliza la mzee, neno kwa neno, nikanyamaza. Kimya kilikua kirefu jamani, nilisikia kiyoyozi. Mtu wa rasilimali watu akaanza kusema kampuni yetu inazingatia ubora, mkurugenzi akamuonyesha mkono asubiri, akamgeukia meneja uzalishaji. Jamaa hakuficha, akasema ilikua Alhamisi iliyopita, niliuachia mimi. Mkurugenzi akamuuliza kwa nini wewe. Akajibu, "kwa sababu hakuna mwingine wa kuuachia, nafasi ipo wazi miezi 5, na hata alipokuwepo alikua ananipigia simu mimi." Wakaanza kubishana wao kwa wao mbele yangu, sio ugomvi ila walisahau kama nipo.

Nilitoka nikijua nimeharibu. Siku ya 2 wakapiga. Nafasi itaripoti kwa mkurugenzi moja kwa moja, na mamlaka ya kusimamisha mzigo yataandikwa kwenye barua. Hawakukubali yote, kuachia mzigo wenye kasoro ndogo kwa ruhusa ya mteja watataka sahihi 2, yangu na ya uzalishaji. Nikaona ni haki, na yule jamaa wa uzalishaji nimempenda kuliko wote mle ndani.

Barua imekuja jana, sentensi ipo. Nimesaini. Naanza mwezi ujao.

BoltiHuru:

Hongera mkuu. Sahihi 2 ni nzuri, usiku wa saa 4 unakua hauko peke yako.

Dada_Vipimo:

Hongera kaka!! Sasa yule wa kwaliti wa kazini kwako msiyesalimiana utaondoka hivyo hivyo?

SpanaNaKalamu:

Dada nimetoka kwake leo mchana. Nilimwambia naenda kuwa kama wewe, akadhani namkejeli. Nilipomuonyesha barua akacheka mpaka akakaa chini, afu akafungua droo akatoa daftari lake la lebo nyekundu, la miaka yote niliyokaa pale. Kurasa zenye jina langu kazikunja kona. Nimezihesabu, 31. Tumekaa tunazipitia moja moja, mpaka sasa nimekubali 22, zilizobaki tumekubaliana kesho nije na mikromita yangu.